Mfupa wa kuku kwenye siki, na maswali mengine saba kuhusu mifupa

Tumekusanya hapa maswali ya wasomaji yanayohusu mifupa: inavyokua, inavyoungana ikivunjika, na inavyodhoofika. Baadhi tumeyafupisha.

Mwalimu ametuambia mfupa ni kitu hai, lakini mifupa ninayoiona jikoni ni mikavu na migumu kama mawe. Uhai wake uko wapi? (Mwanafunzi, Dodoma)

Wa jikoni umeshakufa. Hata hivyo unaweza kukuonyesha umejengwa na nini. Chukua mifupa miwili ya paja la kuku, uisafishe nyama yote. Mmoja utumbukize kwenye chupa ya siki mpaka uzame kabisa, ubadilishe siki siku ya tatu, uutoe baada ya wiki moja. Utaupinda kwa vidole kama mpira, kwa sababu siki imeyeyusha chumvi za kalsiamu na fosfati na kuacha nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Wa pili uweke kwenye makaa ya moto mpaka uwe mweupe. Umbo lake litabaki vilevile, lakini ukiubana unavunjikavunjika kama chaki, maana moto umekula kolajeni na kuacha chumvi peke yake. Fundi ujenzi angekwambia: huo wa kwanza ni nondo bila zege, huo wa pili ni zege bila nondo.

Uhai uko ndani ya mchanganyiko huo. Kuna seli zinazojenga, osteoblasti, na seli zinazobomoa, osteoklasti. Zinazobomoa huchimba kishimo kwa wiki mbili tatu. Zinazojenga huchukua miezi mitatu hadi minne kukijaza. Kazi hiyo haikomi. Kwa mtu mzima, karibu asilimia 10 ya mifupa yote hufanywa upya kila mwaka. Baadhi ya wajenzi hujifunga ndani ya kuta walizojenga na kubaki humo kama walinzi: wao ndio wanaohisi mfupa unabeba mzigo gani na kutoa habari ni wapi pameguswa na ufa. Mishipa ya damu hupita katikati, na kwenye nafasi za ndani kuna uboho mwekundu unaotengeneza damu. Mfupa pia ni ghala: takriban kilo moja ya kalsiamu, yaani asilimia 99 ya kalsiamu yote ya mwili, imehifadhiwa humo. Damu ikipungukiwa, mwili huchota huko bila kukuuliza.

Utosi wa mwanangu wa miezi mitano bado ni laini na unadunda. Nisubiri mpaka lini? (Mama, Morogoro)

Kudunda ni mapigo ya kawaida ya damu, usiogope. Mtoto huzaliwa na vipande vya mifupa karibu 300. Vingi huungana mpaka mtu mzima anabaki na 206. Fuvu lake limeachiwa nafasi ili lipite njia ya uzazi na ubongo upate pa kukua. Utosi wa nyuma hufunga mapema, miezi miwili au mitatu. Wa mbele hufunga kati ya miezi 12 na 18, na wengine hufika 24. Kumwosha kichwa hakuna madhara, chini ya ngozi kuna utando mgumu. Kinachotakiwa kukukimbiza hospitali ni utosi uliodidimia kwa mtoto anayeharisha au kutapika, kwa sababu amepungukiwa maji, na utosi uliovimba na kukakamaa wakati mtoto ametulia na amekaa wima, hasa akiwa na homa. Dawa za kupaka au kubandika utosini hazitibu lolote kati ya hayo, zinakupotezea saa muhimu.

Nina miaka 21. Nimeona tangazo la vidonge vya kuongeza urefu sentimita 8. Vinafanya kazi? (Msomaji, Mombasa)

Havifanyi kazi, na tunakuomba usitoe hela yako.

Mfupa mrefu haurefuki katikati. Unarefuka karibu na ncha, kwenye tabaka jembamba la gegedu liitwalo bamba la ukuaji. Ukilitazama kwa hadubini, seli zake zimepangana kama sarafu juu ya sarafu. Upande mmoja zinagawanyika, zinasukumwa, zinavimba, zinakufa, na mahali pake panakaa mfupa. Ndivyo mtoto anavyorefuka. Mabamba hayafanyi kazi sawa: lile la chini ya fupa la paja, juu ya goti, huongeza milimita 9 hadi 10 kwa mwaka, na lile la juu ya muundi, chini ya goti, kama milimita 6. Kwa hiyo sehemu kubwa ya urefu wa mguu hutoka pande mbili za goti. Mtoto akivunjika hapo asichukuliwe kirahisi hata kama picha inaonyesha ufa mdogo, kwa maana bamba likijeruhiwa mguu unaweza kubaki mfupi au kupinda. Afuatiliwe kliniki kwa mwaka au zaidi.

Wakati wa kubalehe homoni ya estrojeni, ambayo wavulana nao wanayo, hulifunga bamba. Wasichana wengi humaliza kurefuka miaka 14 hadi 15, wavulana 16 hadi 17, wengine wakichelewa kidogo. Likishageuka mfupa hakuna kidonge wala zoezi la kuning'inia linalolifungua. Anayepimwa asubuhi akiwa ametoka kitandani huwa mrefu kwa sentimita moja hivi kuliko jioni, kwani visahani vya uti wa mgongo hubonyea mchana kutwa. Huo ndio "ushahidi" unaotumiwa na wauzaji wengi.

Kufunga huku ndiko FIFA inakokutumia kuwabaini wachezaji waliozidi umri, tangu Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 lililofanyika Nigeria mwaka 2009. Mchezaji hupigwa picha ya MRI ya kifundo cha mkono, ambayo haina mionzi kama eksirei. Bamba la pale likiwa limefunga kabisa, ni nadra mno mwenye mkono huo kuwa chini ya miaka 17. Kipimo hakitaji siku ya kuzaliwa. Kinachojibu ni swali moja tu: bamba limefunga au bado?

Ndugu yangu kaanguka na bodaboda, kavunjika muundi wa mguu. Hospitali wamemfunga plasta na kusema miezi mitatu au minne. Jamaa wanataka tumpeleke kwa mzee anayeunga mifupa, eti wiki tatu anatembea. (Msomaji, Kahama)

Hospitali wamesema kweli. Siku za kwanza damu huganda penye mvunjiko, na donge hilo ndilo msingi wa kazi yote inayofuata. Kufikia wiki ya pili au ya tatu pande mbili zimeshikwa na kifundo laini cha gegedu na kolajeni: maumivu yanapungua, mguu hauchezi tena kama zamani, na hapo ndipo mtu hudhani amepona. Hajapona. Kifundo hicho bado ni laini. Kuanzia wiki ya nne hivi mpaka ya kumi na mbili kinageuka mfupa, kisha kwa miezi au hata miaka mwili unakichonga mpaka umbo la awali lirudi. Mtu mzima huhitaji wiki 12 hadi 16 kwa muundi, wiki 6 hadi 8 kwa mtulinga, kama 6 kwa kifundo cha mkono. Mtoto huchukua karibu nusu ya muda huo. Anayevuta sigara huchelewa, kwa hiyo huu ndio mwezi wa kuziacha.

Tunawaheshimu wazee wa kuunga mifupa, na wapo walioponya mivunjiko midogo ambayo haikuhama. Tatizo liko kwenye mambo mawili. La kwanza ni kuchua. Kuchua mvunjiko mbichi huhamisha vipande vilivyokwisha kupangwa, na wakati mwingine mfupa huota ndani ya msuli. La pili ni mianzi inayokazwa sana. Mguu uliovunjika huvimba. Ukibanwa, damu haipiti, na msuli huanza kufa ndani ya saa kama sita. Hivyo ndivyo watu wanavyofika hospitali na mguu wa kukatwa kwa mvunjiko ambao ungepona.

Plasta ngumu, yaani hiyo P.O.P., nayo inaweza kubana, kwa hiyo mwangalieni. Siku tatu za mwanzo mguu ukae juu ya mto, juu kuliko kifua. Kila saa chache avichezeshe vidole. Bonyeza ukucha wa dole gumba mpaka uwe mweupe, uachie: rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Mrudisheni hospitali usiku huohuo, bila kusubiri kuche, kama maumivu yanazidi licha ya dawa, kama analia mnapomnyoosha vidole taratibu, au kama vidole vina ganzi, vimepoa au vimepauka. Asitie kijiti ndani ya plasta kujikuna, na isilowe.

Kwa watakaoshuhudia ajali kama hiyo: fungeni mbao au boksi gumu kuanzia kiungo cha juu ya mvunjiko hadi kiungo cha chini yake, fundo lisikae juu ya mvunjiko penyewe. Mfupa ukitokeza nje msiurudishe ndani. Funikeni kwa kitambaa safi mwende hospitali haraka, anahitaji antibiotiki ndani ya saa chache na sindano ya pepopunda.

Nikivunja vidole vikalia "ko!", ninaharibu mifupa? (Msomaji, Kigoma)

Hapana. Sauti hiyo ni ya gesi inayojitenga ghafla kwenye ute wa kiungo, mfupa haujaguswa na mfupa. Ikija na maumivu au uvimbe, onana na daktari.

Supu ya kongoro inaongeza kalsiamu? (Msomaji, Dar es Salaam)

Inywe kwa utamu wake. Kalsiamu haitoki kirahisi kwenye mfupa unaochemshwa kwa maji matupu. Kikombe cha supu kwa kawaida hakifikii hata sehemu ya kumi ya ile miligramu 300 iliyomo katika bilauri ya maziwa ya mililita 250. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 1,000 kwa siku, na kijana wa miaka 9 hadi 18 anahitaji 1,300. Penye shida ya maziwa, dagaa wakavu ni hazina kubwa kwa sababu tunawatafuna na mifupa yao. Sukuma wiki ni nzuri. Spinachi na mchicha zina kalsiamu nyingi kwa maandishi, ila pia zina oksalati inayoishikilia, kwa hiyo mwili hupata kidogo.

Bila vitamini D sehemu kubwa ya kalsiamu hiyo hupita tu tumboni, na chanzo chake kikuu ni jua kwenye ngozi. Jua la kupitia kioo cha dirisha halifai, kioo huzuia miale inayohitajika. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi. Wasomaji wetu wa Ghuba wanaofanya kazi za ndani na kujisitiri mwili mzima wanaweza kupungukiwa hata kwenye nchi ya jua kali, vivyo hivyo mtoto anayefungiwa chumbani kutwa. Matege ya mtoto chini ya miaka miwili mara nyingi ni ya kawaida na hujinyoosha. Yakiendelea baada ya hapo, au vifundo vya mikono vikivimba, apimwe.

Mama ana miaka 58, kateleza bafuni akajishikiza kwa mkono, umevunjika. Ni uzee tu? (Msomaji, Nairobi)

Usikubali jibu la "uzee tu". Hedhi ikikoma, estrojeni hushuka, na wabomoaji huwashinda wajenzi kwa miaka kadhaa mfululizo. Mfupa unaovunjika kwa kuanguka kutoka kimo cha kusimama ni onyo kwamba unaofuata unaweza kuwa wa nyonga. Aombe kupimwa msongamano wa mifupa, yaani mfupa umejaa kiasi gani, panapopatikana kipimo hicho, na mumpime urefu: akiwa amepungua sentimita 4 au zaidi tangu ujanani, huenda pingili za mgongo zimebonyea. Mwambieni daktari kama amewahi kutumia prednisolone, dawa ya kutuliza uvimbe inayodhoofisha mifupa, kwa miezi.

Akipewa alendronate, dawa ya kupunguza ubomoaji wa mfupa, ya mara moja kwa wiki, aimeze asubuhi kabla ya chochote, kwa bilauri nzima ya maji matupu, chai na maziwa hapana, kisha akae wima nusu saa asilale. Akilala kidonge kinaweza kuunguza koo. Bafuni wekeni mkeka usioteleza na kishikio, na taa ya usiku njiani kwenda chooni.

Kwetu chini ya Mlima Meru wengi tuna meno ya kahawia, na wapo watoto wenye miguu iliyopinda. Tukichemsha maji itasaidia? (Msomaji, Arusha)

Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi, madini yaliyomo kwenye maji yanayoharibu meno na mifupa yakizidi, haiondoki. Maji yakipungua kwenye sufuria inakolea zaidi. Inatoka kwenye miamba ya volkano ya Bonde la Ufa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya ukanda huo vinakipita kwa mbali. Meno huharibika yakiwa bado yanaundwa ndani ya ufizi, hivyo anayehitaji kulindwa kwanza ni mtoto chini ya miaka 8. Kwenye mifupa, floraidi hujipenyeza ndani ya chumvi ileile ya kalsiamu na fosfati tuliyoitaja kwenye siki. Mfupa unazidi kuwa mzito lakini unakuwa mbovu, viungo vinakakamaa, na miguu ya mtoto anayekua hupinda.

Maji ya mvua hayana shida hiyo. Yawekeeni tangi, na yatumike kwanza kwa kunywa na kupikia chakula cha watoto. Punguzeni magadi kwenye maharage na makande, kwa kuwa nayo huja na floraidi. Lowekeni usiku kucha badala yake. Na ipo chujio ya mkaa wa mifupa, ambayo kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto kimeifanyia kazi miaka mingi: mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, husagwa kuwa punje, na maji yakipita humo floraidi hunaswa na mfupa uliokufa kabla haijafika kwa ulio hai. Ukichomwa vibaya, maji yananuka. Na punje hujaa: maji yataendelea kuonekana safi na ladha haitabadilika, huku floraidi ikipita yote. Kwa hiyo pelekeni maji yaliyochujwa yapimwe mara kwa mara, na punje zibadilishwe kipimo kikianza kupanda.