Kengele iliyomwokoa mtu ni ya ulingoni, si ya jeneza

Ndugu yetu ameuliza kama msemo wa Kiingereza "saved by the bell", unaotumika mtu anapoponea chupuchupu, ulianza kwa watu waliozikwa hai wakiwa na kamba ya kengele mkononi. Majeneza ya namna hiyo yalikuwapo kweli, kwani mwaka 1868 Franz Vester wa Newark, Marekani, alipewa hataza ya jeneza lenye kengele. Hata hivyo, msemo huu umetoka kwenye ngumi, ambako kengele hulia raundi inapokwisha.

Kanuni za ngumi za Queensberry, zilizochapishwa Uingereza mwaka 1867, ziliweka raundi za dakika 3, mapumziko ya dakika 1, na sekunde 10 za kuinuka kwa aliyeangushwa. Chini ya kanuni za zamani raundi ilikwisha mtu anapoanguka, kwa hiyo hapakuwa na saa ya kumnusuru aliyezidiwa angali amesimama.

Nimehudumia mabondia wa ridhaa kwenye kona kwa miaka mingi, na kwa niliyoyaona naamini kwamba kinachookoa hasa ni ile dakika ya mapumziko. Kijana aliyebanwa kwenye kamba akapigwa mfululizo hurudi kwenye kigoda macho yakiwa hayajatulia. Mmoja wetu humtoa kinga ya meno na kuisuuza, mwingine humwekea barafu shingoni, naye kocha huchuchumaa mbele yake na kumwuliza swali jepesi, kama vile hii ni raundi ya ngapi, kisha jibu lake ndilo linaloamua kama atarudi ulingoni au taulo litarushwa.

Siku hizi kengele yenyewe imepunguziwa nguvu. Kanuni za pamoja za ngumi za kulipwa nchini Marekani zinasema kwamba bondia aliyeangushwa haokolewi na kengele katika raundi yoyote, hivyo mwamuzi huendelea kuhesabu hata ikilia. Tarehe 17 Machi 1990, mjini Las Vegas, Meldrick Taylor alikuwa akiongoza kwa majaji wawili kati ya watatu alipoangushwa na Julio César Chávez mwishoni mwa raundi ya 12, ambayo ndiyo ya mwisho. Aliinuka, mwamuzi Richard Steele akamwuliza kama yuko sawa, hakujibu, na pambano likasimamishwa zikiwa zimebaki sekunde 2. Wapo wanaomlaumu Steele hadi leo. Mimi simlaumu, kwa maana bondia anayeshindwa kujibu swali kama hilo hapaswi kupigwa hata ngumi moja zaidi, iwe zimebaki sekunde 2 au dakika 2.