Kupigana kwa Mbuta

Msomaji wa Kisumu, mfanyakazi wa serikali, anauliza: "Tumealikwa kwenye mafunzo kuhusu uongo na uvumi unaotumiwa mitandaoni kama silaha. Barua imeandikwa 'Mafunzo ya Kupiga Vita Habari'. Bosi wangu anasema ingekuwa 'vita vya taarifa'. Nani yuko sahihi?"

Bosi wako hajakosea. Habari na taarifa zote tulizipata kwa Waarabu, na yoyote itafaa. Mimi ningeandika vita vya habari, maana vita vya maneno tunavyo tangu zamani na sijasikia mtu akiuliza ni vita gani hivyo.

Sasa hiyo barua. Kupiga vita kitu ni kukipinga mpaka kiishe. Tunapiga vita ufisadi, tunapiga vita malaria. Anayepiga vita habari kazi yake ni kuzima redio na kuchoma magazeti. Wapo wanaoitamani kazi hiyo, lakini hawahitaji kufundishwa.

Nenda ufuo wa Dunga, hapo kwenu Kisumu, asubuhi, mashua zikiingia. Mama anayepiga vita mbuta, yule samaki mkubwa wa Ziwa Victoria, hataki hata kumwona. Atakwambia huyu ndiye aliyewamaliza fulu wengi, wale samaki wadogo wa asili, ziwani, na hatakuwa amesema uongo. Mama anayepigania mbuta anamtaka sana: kashika mkia, mwenzake kashika kichwa, na mwenye mashua anapandisha bei. Sasa waje wawili wanaopigana kwa mbuta. Hao biashara wameiacha. Samaki amegeuka rungu, magamba yanaruka mpaka kwenye sufuria ya chai, na mimi niliyekuja kununua omena nimejificha nyuma ya karai. Mbuta ni yule yule mmoja, jamani!

Vita vya habari ni hivyo vya tatu. Wamarekani walipofungua shule ya vita vya habari katika chuo kikuu chao cha ulinzi, Washington, mwaka 1994, hawakuwa wakiwafunza maofisa kuyachukia magazeti. Walitaka wajue habari inavyorushwa na inavyokwepwa.

Kwa hiyo nenda, ila barua warudishie waiandike upya. Mkufunzi akisimama akasema "vita ya habari", huyo mwache. Hiyo "vita ya" nimeisahihisha kuanzia Nakuru hadi Busia mpaka wino mwekundu ukaisha, na juzi kwenye matatu, nikibishana na makanga juu ya chenji, nimejisikia mwenyewe nikiitamka.