Maswali yenu: injini kubwa, safari ndefu

Wiki hii nimekusanya maswali ya pikipiki kubwa za safari, zile za cc 1,000 kwenda juu zenye makava, kioo cha upepo na mabegi pembeni. Yale ya "mwisho inasoma ngapi" nimeyatupa yote isipokuwa moja, kwa kuwa mwenyewe ametaja neno safari.

Kati ya Hayabusa na FJR1300 ipi inakimbia zaidi? Nataka ya kwenda nayo Mbeya. (Msomaji, Tabata)

Hayabusa. Umeridhika? Haya, sasa tuzungumze kuhusu Mbeya.

Tangu Suzuki walipoitoa Hayabusa mwaka 1999, watu hawajaacha kubishana inafika ngapi, mpaka watengenezaji wenyewe wakakubaliana kuishia karibu kilomita 299 kwa saa. Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, kila kijiji kina kibao cha 50, na baada ya kibao kuna trafiki kasimama chini ya mti na tochi yake. Hiyo 299 utaitumia wapi?

Cha kuuliza ni injini inavutaje ikiwa chini. FJR1300, ambayo Yamaha waliianza 2001, ina cc 1,298. Ukiwa kwenye 100, gia ya mwisho, injini inazunguka mara elfu tatu na ushee tu kwa dakika, na bado ukikunja mkono inaondoka. Uko nyuma ya semitrela mbili kati ya Chalinze na Morogoro, mbele pameonekana peupe. Huna haja ya kushusha gia mbili injini ikapiga kelele. Unafungua mafuta, unazipita, unarudi kushoto, na abiria wako hata hajakushika kiuno. Kazi ya cc nyingi ni hiyo: kukupunguzia muda wa kukaa upande usio wako. Anayenunua cc 1,300 ili aende 200 amelipia kitu ambacho barabara zetu hazina.

Hayabusa nayo inavuta, tena inaishinda FJR. Lakini inakulaza juu ya tangi, uzito wa kifua unashukia viganjani, na ukifika Mikumi vidole vimekufa ganzi huku hata nusu ya njia hujafika. FJR inakukalisha wima, kioo kinapanda na kushuka kwa umeme, tangi lina lita 25. Na ukiwa Mikumi punguza mwendo. Nyati haogopi honi.

Cheni au shafti? (Msomaji, Dodoma)

Kwa safari ndefu na vumbi letu, shafti, ile fimbo ya chuma inayozunguka kupeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu la nyuma badala ya cheni. Haitaki kupakwa mafuta kila jioni, haikazwi, hairushi grisi kwenye rimu. Unabadilisha oili yake kwa ratiba ya kitabu, unaangalia kama inavuja pale inapoungana na gurudumu, basi. FJR wanayo, BMW RT wanayo, Kawasaki 1400GTR wanayo. Gharama yake ni uzito na bei ya kununulia, na siku ikifa haifi kwa bei ndogo.

Kama mashine uliyoipenda ina cheni, usilie. Ninja 1000SX ina cheni na watu wanazunguka nayo nchi nzima. Ila tusikilizane. Cheni inasafishwa kwa mafuta ya taa na brashi laini, si kwa petroli, kwa sababu petroli inakula zile ringi za mpira zinazozuia grisi ya ndani isitoke. Halafu usimpe fundi wa bodaboda akukazie kwa macho. Wengi wanaikaza mpaka inalia kama uzi wa gitaa. Ukipanda na abiria na mabegi, mkono wa nyuma, ule unaoshikilia gurudumu la nyuma, unapanda, cheni inakosa pa kwenda, na kinachoumia ni beringi ya gia boksi. Kipimo cha ulegevu kimeandikwa kwenye stika iliyobandikwa kwenye mkono wa nyuma wenyewe. Kisome.

Oili ya gari naweza kuweka? Fundi wangu anasema oili ni oili. (Msomaji, Mbagala)

Hapana. Klachi ya pikipiki nyingi hizi inaoga kwenye oili ileile ya injini, na oili nyingi za magari zina viungo vya kupunguza msuguano vinavyoifanya iteleze. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA au MA2, alama ya oili inayofaa klachi za namna hii. Swali hili nimelijibu mara ngapi? Fundi naye mwonyeshe gazeti.

Mume wangu anataka kununua Ninja 1000SX tuwe tunasafiri wote likizo. Mimi ndiye nitakayekaa nyuma. Kuna cha kuangalia au nimwachie mwenyewe? (Dada, Moshi)

Usimwachie! Mwaka mzima barua zinazonifikia zinaandikwa na anayeshika hendeli, na hakuna hata mmoja anayeuliza habari za anayekaa nyuma yake, wakati anayeamua safari itaishia wapi ni yule wa nyuma. Dereva ana kazi ya kufanya, anasahau mwili. Wewe huna kazi, unahesabu vibao.

Nenda naye kwa muuzaji ukiwa umevaa buti na jaketi la safari. Akae mbele, wewe upande nyuma, mkae hivyo robo saa hata kama muuzaji ananuna. Sikiliza magoti kwanza. Kwenye mashine zenye damu ya michezo, na hiyo 1000SX imo, kiti cha nyuma kiko juu na vikanyagio viko juu pia, kwa hiyo goti linakunjwa sana. Dukani utaona sawa. Ukifika Same utaomba kushuka. Pili, tafuta pa kushika. Vishikio viwe pembeni ya nyonga zako, usilazimike kupeleka mikono nyuma ya mgongo wala kujishikilia kwake kila akifunga breki. Tatu, kaa uone kichwa chako kimepita chake kwa kiasi gani: kikipita sana, kioo cha mbele kinamkinga yeye, na ule upepo uliokatwa unakuja kukupiga wewe kwenye kofia kwa saa nne mfululizo. Sanduku la nyuma lenye mto wa kuegemea si urembo, mwambie alinunue pamoja na mashine.

Halafu mfanyishe hesabu. Kitabu cha mashine kinataja uzito wa juu unaoruhusiwa. Toa uzito wa pikipiki yenyewe ikiwa na tangi limejaa, kinachobaki ndicho chenu nyote pamoja na mizigo, na kwa mashine nyingi za aina hii hakivuki sana kilo 200. Yeye akiwa na 95, wewe 75, mabegi 30, mmefika. Sufuria la kumpelekea mama mkwe litakwenda kwa basi.

Mwulize pia kama anajua kile kitasa cha kukazia springi ya nyuma. Kipo kwa ajili yako. Ukipanda kinazungushwa, ukishuka kinarudishwa. Wanaume wengi hawajakigusa tangu wanunue. Kisipokazwa mkia unashuka, pua inainuka, taa inampiga dereva wa basi usoni, na kwenye kona pikipiki inagoma kulala. Akikujibu "hiyo ni ya mafundi", rudini nyumbani mkafikiri upya.

Na wewe upate kofia na jaketi la thamani ileile ya lake. Ninaowaona barabarani, baba kavaa ngozi kuanzia shingoni hadi kisiginoni, mama ana dera na kofia ya bodaboda.

Nairobi hadi Mombasa bila kuweka mafuta njiani, ipi inaweza? (Msomaji, South B)

Ni kama kilomita 480. Honda ST1300 ina tangi la lita 29, BMW R1250RT lita 25, na zote zinaweza ukienda kistaarabu. Lakini kwa nini? Simama Mtito Andei, unywe chai, unyooshe mgongo. Kibofu chako hakina lita 29.

Nimepata 1400GTR ya mtumba, imetembea kilomita 14,000 tu, tairi bado zina meno kama mpya. Nichukue? (Msomaji, Mwanza)

"Tairi kama mpya." Nilikuwa naisubiri.

Chuchumaa pembeni ya hiyo tairi, futa vumbi kwa kidole, tafuta maandishi ya DOT. Mwisho wake, ndani ya kiduara kirefu, kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 1114 maana yake ilitoka kiwandani wiki ya 11 ya mwaka 2014. Hazionekani upande mmoja, angalia upande wa pili. Sasa bonyeza ukucha kwenye meno. Mpira wa tairi ya pikipiki kubwa ni laini kwa makusudi, ukucha uache alama kidogo. Ukiteleza kama kwenye sahani, hiyo ni plastiki yenye sura ya tairi. Angalia na kwenye mifereji, chini kabisa: kuna nyufa nyembamba kama nywele? Meno yapo kwa sababu haikutembea, na mpira umekufa kwa sababu hiyohiyo. Mashine hii inapita kilo 300 ukijaza mafuta. Mvua ya kwanza, rangi nyeupe ya pundamilia, breki kidogo tu, utatambua nilichokuwa nasema.

Kwa hiyo bei yoyote utakayotajiwa, toa bei ya tairi mbili mpya. Mbele 120/70 ya inchi 17, nyuma 190/50, za aina ya safari na si za mashindano, kwani zile laini kupindukia utazimaliza upande wa katikati kabla hujazoea kona. Toa na maji ya breki, maji ya rejeta, sili za shokapu za mbele, pengine na betri. Mashine iliyosimama miaka inaoza kimyakimya. Mimi ningechukua yenye kilomita 60,000 na daftari la sevisi lililojazwa kuliko hii yenye 14,000 na hadithi.

Uliza imetoka wapi pia. Ya Uingereza au Japani wanaendesha kushoto kama sisi. Ya Ujerumani au Ufaransa taa yake ya chini imeinuliwa upande wa kulia, kumaanisha usiku inawachoma macho wote unaopishana nao. Badilisha au fanyia marekebisho kabla hujaiingiza barabarani. Na usinitumie tena picha za kioo cha odomita. Odomita inabadilishwa kwa dakika chache, tarehe ya tairi haibadilishwi.

Nikiwa kwenye foleni miguu inaungua. Ni ugonjwa? (Msomaji, Kimara)

Mara nyingi si ugonjwa. Injini ya cc 1,300 iliyofunikwa makava inataka hewa, na Kimara hadi Posta saa moja asubuhi hakuna hewa. Feni inawaka, joto linatokea magotini. Hakikisha feni inawaka kweli, rejeta haijazibwa na matope na wadudu, na maji yake yamechanganywa na kipoza injini badala ya maji ya bomba matupu. Yamaha wenyewe walibadilisha njia za hewa za FJR mwaka 2006 kwa malalamiko hayohayo. Usikate makava na usitoe themostati, hata fundi akikuapia.

Ila kama safari yako kubwa ni ofisini na kurudi, umenunua kitu kisichokufaa. Uza, au ongeza kapikipiki ka 150 ka mjini na hiyo kubwa iwe ya Ijumaa jioni.

Kwa barabara zetu si bora BMW GS tu, ile ndefu ya kupita hata njia mbovu? Kwa nini mnang'ang'ania hizi za chini? (Msomaji, Arusha)

Hapa sina ubishi mkubwa. Mashine hizi zina rimu za inchi 17 mbele na nyuma, na tumbo lake liko kama sentimita 13 juu ya ardhi. Ukipakia abiria, tuta la kienyeji lililomwagwa na wanakijiji wenyewe litalikwangua. Kama kutoka lami hadi getini kwako ni kilomita tatu za mawe, nunua GS na uache kusoma jibu hili.

Lakini wengi mnaouliza mnaishi kwenye lami, mnasafiri kwenye lami, na ile GS mnaipeleka vumbini mara moja kwa ajili ya picha. Kwenye lami, na upepo wa pembeni ule wa Hedaru na Makanya, mashine iliyo chini yenye kava pana inatulia na wewe unafika ukiwa na nguvu za kula. Kama mguu haufiki chini kwenye GS, nayo ni sababu. Mtu mfupi na kilo 250 kwenye mteremko wa kokoto nimeona inavyoisha.

Mwanza hadi Dar kwa siku moja? (Msomaji, Geita)

Inawezekana, usifanye. Lala Singida au Dodoma. Usiku kuna ng'ombe, kuna trekta halina taa, kuna lori limeharibika na kuwekewa matawi barabarani kuwa ndiyo alama.

Nikishanunua nitabakiwa na hela kidogo. Nianze na egzosi au nirekebishe programu ya injini iongeze nguvu? (Msomaji, Mikocheni)

Una farasi 140 na zaidi, na unataka waongezeke. Kofia yenye stika ya ECE 22.06 (kiwango cha usalama wa kofia), glavu, buti zinazofunika vifundo vya miguu, pedi za breki, kisha siku mbili za mafunzo kwa mtu anayejua kufunga breki. Hela ikibaki baada ya hapo, niandikie tena kuhusu egzosi.