Unga wa ngano unatosha

Ndugu Mhariri,

Mmeuliza wiki hii: familia inaweza kutengeneza nini pamoja kwa vitu vilivyomo jikoni, bila kununua chochote? Jibu langu ni unga wa ngano. Ukiwa nao, pamoja na chumvi, maji, yai na karatasi kuukuu, mchana mmoja unatoa mapambo ya ukutani, gundi na chakula. Kazi nyingi huharibika kwa sababu ya maji kukadiriwa kwa macho, kwa hiyo tafuteni kikombe kimoja na mpimie hicho hicho hadi mwisho.

Anzeni na unga wa chumvi, yaani donge la kufinyangia mapambo, kwa kuwa ndio unaochelewa kukauka. Ni vikombe 2 vya unga, kikombe 1 cha chumvi laini, na maji kikombe kimoja kasoro kidogo. Changanyeni vikavu kwanza, kisha maji yaingie kidogo kidogo, mtoto mmoja akimimina, mwingine akikoroga. Yakibaki, yabaki. Kandeni dakika 8 hadi 10, mpaka donge liwe laini na lisinate mikononi. Ukilivuta likachanika, limekosa maji: lowesha viganja uendelee kukanda, usimimine tena bakulini. Likinata, ongeza unga kijiko kimoja kimoja. Chumvi ya mawe isagwe kwanza, la sivyo punje zisizoyeyuka zitaacha vishimo. Unga uliokwisha tiwa bekingi poda uacheni kabisa: nyota inaingia ovenini na pembe zake tano, inatoka imefura haina hata moja.

Sukuma donge hadi unene wa milimita 5 hivi, ulio sawa kila mahali. Kipande chenye katikati nene na pembe nyembamba hukauka pembeni kwanza. Pembe zikishakaza, katikati bado panasinyaa, na hapo ndipo nyufa zinapotoka. Tundu la uzi litobolewe mapema kwa mrija, sentimita 1 kutoka ukingoni, kwani kutoboa kitu kilichokauka ni kukivunja. Kama mnabandika pua juu ya uso, kwaruzeni pande zote mbili kwa uma, tieni tone la maji, kisha mbane. Pua iliyobandikwa pakavu kwa pakavu haitakaa.

Oveni iwe nyuzi 100 za Selsiasi, kwa saa 2 hadi 3, na vipande vigeuzwe mara moja. Kupandisha moto hadi 180 ili kuokoa muda ni kujisumbua: maji ya ndani hugeuka mvuke kabla ya kupata pa kutokea, uso ukaota malengelenge na kuwa kahawia. Asiye na oveni avianike juu ya wavu penye hewa na avigeuze kila siku. Itachukua siku kadhaa. Gusa mgongo wa kipande kilichokwisha poa: ukiuona una ubaridi, ndani bado kuna maji. Rangi hupakwa baada ya kukauka tu, kisha vanishi pande zote, hata ndani ya tundu, maana chumvi huvuta unyevu wa hewani na sehemu iliyoachwa wazi italegea. Wenye mbwa waviweke asikofika. Chumvi nyingi kiasi hicho inaweza kumwua.

Vipande vikiwa ovenini, pikeni gundi. Koroga robo kikombe ya unga katika nusu kikombe ya maji baridi mpaka madonge yaishe, kisha mimina kwenye kikombe kimoja na nusu cha maji yanayochemka na ukoroge dakika 2 au 3, hadi iwe nzito na ing'ae. Unga mkavu ukitupwa moja kwa moja kwenye maji ya moto, nje ya donge huiva na kuufungia ndani ukiwa mkavu, na hakuna mwiko utakaoutoa. Ikipoa, chovyeni vipande vya gazeti na mbandike juu ya bakuli lililopakwa mafuta. Gazeti lichanwe kwa mkono, lisikatwe kwa mkasi, kwa sababu ukingo uliochanika hulala vizuri bila kuacha mstari. Tabaka 3 zinatosha, ila kila moja ikauke kabla ya nyingine. Mkizirundika mbichi, ndani kutaota ukungu.

Mwisho ni chapati za maji: kikombe 1 cha unga, yai 1, kikombe 1 na robo cha maziwa au maji, chumvi kidogo, kijiko 1 cha mafuta. Pigeni unga na yai kwa nusu ya maziwa kwanza, kwani madonge huvunjika upesi katika rojo zito kuliko jepesi, halafu ndipo mwongeze yaliyobaki. Liacheni dakika 20, unga unywe maji. Kikaango kiwe cha moto wa wastani. Kikiwa baridi chapati itaganda chini. Kikizidi moto rojo litashika kabla halijatandaa. Ya kwanza mara nyingi huharibika, na wala si dalili mbaya. Geuza pale uso unapopoteza mng'ao wa ubichi na kingo zinapoinuka zenyewe. Watoto wadogo wakoroge, wasikaribie kikaango, na mtu yeyote asirambe mwiko: unga mbichi, kama yai bichi, unaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha.

Vyombo vyote vioshwe kwanza kwa maji baridi, kwani ya moto huupika unga ukashika pale pale. Mabaki ya donge yakwanguliwe yatupwe kwenye taka. Yakishuka kwenye sinki huziba bomba.