Gari la dizeli ni jipya, safari ni ya Mbeya, na nyuma kuna tela

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua Hilux dabo kabini mpya kabisa, dizeli ya lita 2.4, gia za mkono. Dashibodi inasoma kilomita 140, zote za hapa Dar. Baada ya wiki mbili natakiwa kwenda Mbeya nikivuta tela lenye mashine ya kusaga na mota yake. Tela na mzigo kwa pamoja ni kama kilo 1,100. Tela lenyewe nimelichomelesha mtaani, lina tairi mbili, halina breki. Watu wananichanganya. Mmoja anasema nisizidi 60 mpaka nifikishe kilomita 5,000. Mwingine anasema magari ya siku hizi hayahitaji kulainishwa, nifunge tela niende. Na jirani yangu, mzee, ameniambia kila asubuhi niliache liungurume nusu saa ili injini "ilainike". Nimfuate nani? – Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba. Usimfuate hata mmoja kati ya hao watatu, na wa kwanza kumweka pembeni ni huyo jirani wa nusu saa, kwa heshima zake zote.

Namuelewa anakotoka. Nilipokuwa kijana wa kuosha vyuma gereji, injini ikitoka kufanyiwa ovahoo tuliiwasha jioni tukaiacha ikiunguruma mpaka usiku wa manane, mmoja wetu akiilinda. Tuliamini tunailea. Zile za petroli zilitusamehe mara nyingi. Za dizeli zilirudi baada ya miezi michache zikinywa oili, na lawama tukaitupia ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni, kwamba ni feki. Baadhi zilikuwa feki kweli, lakini si zote.

Sababu ni hii. Ukuta wa silinda haukuachwa laini. Kiwandani huchorwa kwa makusudi mistari myembamba inayokatana kama nyavu, ili ishike oili. Ringi mpya nayo haijakaa sawasawa na ukuta ule, na kazi kubwa ya kilomita za mwanzo ni viwili hivyo kusuguana hadi vipatane. Sasa ringi haikandamizwi ukutani na unyumbufu wake peke yake. Inakandamizwa zaidi na presha ya mwako, kwa kuwa gesi hupenya nyuma yake na kuisukuma nje. Dizeli ikiunguruma bila kazi huvuta hewa nyingi na kuchoma mafuta kidogo sana, kwa hiyo haipati moto vizuri na presha ni ndogo. Ringi inateleza juu ya oili bila kusugua chochote. Oili ile inaiva taratibu ukutani, inajaza mistari, na silinda inakuwa kama kioo. Ikishafika hapo, kilomita zozote utakazoongeza hazitairudisha. Dawa ni kufungua injini.

Kwa hiyo asubuhi washa, subiri nusu dakika oili ifike juu na kwenye tabo (ile feni inayosukuma hewa kwenye injini), ondoka polepole. Injini itapata moto barabarani, ikifanya kazi ya wastani. Foleni za Dar hazina huruma kwa gari jipya, na hizo kilomita zako 140 za mjini nazihesabu nusu tu, maana sehemu kubwa ya muda ulikuwa umesimama.

Huyu wa 60 mpaka 5,000 anakosea kwa njia ileile: anaibembeleza injini inayotaka kusukumwa kidogo. Na yule wa "funga tela uende" ana ukweli nusu. Ni kweli viwanda vya sasa vinachonga vyuma kwa usahihi mkubwa kuliko zamani, na injini inapatana mapema. Lakini yeye anafikiria injini peke yake, wakati katazo la kuvuta tela mwanzoni linahusu zaidi vitu vilivyo nyuma ya injini.

Fikiria difu, ile nundu ya gia katikati ya ekseli ya nyuma. Krauni na pinio, gia zake mbili kuu, meno yake hayasukumani tu, yanateleza pia, chuma juu ya chuma, katikati kukiwa na utando mwembamba wa oili. Yakiwa mapya bado yana vinundu vidogo usivyoviona kwa macho. Yakizungushwa kwa mzigo wa wastani, vinundu vile vinalainika na meno yanapata ung'avu wake. Yakikutana na kilo 1,100 za ziada mlimani siku ya kwanza, utando wa oili unabanwa, joto linapanda kuliko difu ilivyozoea, na meno yanaanza kung'oana vipande vidogo. Difu haivunjiki siku hiyo. Inaanza kulia "wiiii" mwaka mmoja baadaye, ukiwa umeshasahau ile safari. Klachi nayo bado haijashika uso wote, na pedi za breki hazijakaa vizuri kwenye diski zake.

Ndiyo maana kitabu kilichokuja na gari lako (natumaini hakijabaki kwenye nailoni) kinagawa mambo kwa hatua. Kilomita 300 za kwanza, usifunge breki za ghafla. Kilomita 800 za kwanza, usivute tela. Kilomita 1,000 za kwanza, usikimbize sana, usikanyage mafuta ghafla, usikae muda mrefu kwenye gia ndogo, na usikae muda mrefu kwenye mwendo mmoja. Hilo la mwisho ndilo watu wengi wanalolidharau. Mtu anashika 80 kutoka Chalinze mpaka Morogoro bila kubadilisha, anaona amelitunza gari.

Una wiki mbili, na zinatosha. Dar mpaka Morogoro ni takriban kilomita 190. Jumamosi hii nenda urudi bila tela, ukiwa na watu wawili watatu au mifuko michache nyuma, maana gari tupu kabisa halitoi mzigo wa maana. Jumamosi ijayo rudia. Ukijumlisha na mizunguko yako ya mjini, utakuwa unagusa 1,000 kabla ya siku ya safari. Mafuta ya safari hizo mbili ni hela, najua, ila linganisha na bei ya difu.

Barabarani kule usiendeshe kama dereva wa harusi. Injini ikishapata moto, ukiwa gia ya tatu au ya nne, kutoka kama mizunguko 1,500 ya injini kwa dakika kanyaga mafuta kwa kuongeza taratibu, lakini kwa nia, mpaka 2,500 hivi. Kisha achia, gari lipunguze mwendo lenyewe likiwa kwenye gia, uanze tena. Unapokanyaga, ringi inapata presha. Unapoachia, inapumua, na meno ya difu yanafanya kazi upande wake wa pili. Fanya hivyo pale barabara inaporuhusu, si nyuma ya lori wala kwenye vijiji vya 50. Kitu cha kukwepa kuliko vyote ni kuikaba injini: gia ya tano, mizunguko 1,200, kilima mbele yako, wewe umekandamiza mafuta hadi mwisho. Ile ngurumo nzito unayoisikia ni beringi zikiomba msaada. Shusha gia.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare, pima oili. Mwanzoni kushuka kidogo si ajabu. Ikishuka kwa kasi, nenda kwa waliokuuzia ukiwa umeandika kilomita na kiasi ulichoongeza. Na ikipanda badala ya kushuka, usifurahi, huenda dizeli inaingia kwenye oili. Usimwage oili ya kiwandani eti uweke nyingine ya bei mbaya kabla ya muda wa kwenye kitabu cha sevisi, na usiongeze vichupa vya "kulainisha injini" vinavyouzwa kando ya barabara. Tunataka msuguano mdogo wenye nidhamu, na vile vichupa vinajidai kuuondoa.

Sasa tela, na hapa ndipo barua yako iliponitia wasiwasi kuliko hiyo injini. Hilux inavuta tani kadhaa, lakini kwa tela lenye breki zake. Kwa tela lisilo na breki mwisho wake ni kilo 750. Wewe una 1,100. Hata gari lingekuwa na kilomita 50,000 ningekuambia hivihivi: tela hilo halipandi Kitonga, ule mlima mkali kabla ya Iringa, nyuma ya gari lako. Ama ulitie breki, kazi ambayo mchomeleaji wa mtaani asiyejua mfumo wake asiiguse, ama upunguze mzigo. Ningekuwa mimi, mota ningeilaza kwenye bodi ya pikapu, juu ya ekseli na imefungwa minyororo, mashine ibaki kwenye tela, kisha nipeleke tela lenye mzigo kwenye mizani nione kama liko chini ya 750. Usikisie. Kama bado linazidi, mpe mwenye fuso mashine, wewe uende na gari lako bila tela. Mzigo wa kwenye tela usogeze mbele kidogo, kichwa cha tela, pale linapofungwa kwenye gari, kibebe kama asilimia 10 ya uzito wote. Kikiwa chepesi, tela litaanza kucheza mkia ukifika 80, na gari litalifuata.

Siku ya safari simama Chalinze. Kaza upya nati za tairi, za gari na za tela, maana zikiwa mpya hulegea kidogo baada ya kilomita za mwanzo. Sogeza kiganja karibu na kila haba (kitovu cha tairi) bila kugusa. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, beringi au breki ina neno. Usizidi 80 ukiwa na tela. Kitonga ingia mapema kwenye gia ndogo, mizunguko ikae juu ya 2,000, jicho moja kwenye geji ya joto. Ukifika juu usizime papo hapo. Endesha taratibu kuelekea Ilula, na kama lazima usimame, acha iungurume dakika moja au mbili tabo ipoe. Hapo ndipo kuunguruma kuna maana, mwambie mzee.

Na unaporudi, utashuka Kitonga. Shuka kwa gia uliyopandia, breki ziguse na kuachia.