Seva ya wingu haijiongezi yenyewe
Ndugu, ukidhani tovuti ikihamia kwenye wingu, yaani kompyuta za kukodi kupitia intaneti, haitazidiwa tena, hapana: kuhamia peke yake hakutoshi. Ukikodi seva moja, yaani kompyuta moja ya kuendesha tovuti, wateja wakifurika itazidiwa vilevile. Lazima uwashe huduma ya kujiongeza na uipe kiwango: matumizi ya prosesa yakipita asilimia 70 iwake seva ya pili, wateja wakipungua izimwe. Amazon, wanaokodisha wingu, wanayo huduma hiyo tangu 2009. Nahudumia tovuti ya wauza asali hapa Tabora. Siku za kawaida seva moja inatosha, msimu wa mavuno zinafika tatu, usiku inarudi moja. Ila weka kikomo cha juu, maana bili inapanda nazo. Na hifadhidata, yaani sehemu inayotunza taarifa za tovuti, itenge pembeni kabisa, hiyo haiongezeki kirahisi. Ndiyo iliyotuangusha mwanzoni.