RX-8 ya 2006: usiamini kilomita

Ndugu yangu, umeuliza kama hiyo Mazda RX-8 ya 2006 uliyoiona Ngong Road itakufaa miaka mitano. Kilomita za dashibodi hazitakujibu. Injini yake ni ya rotari, lita 1.3, haina pistoni. Ina rota mbili za pembe tatu, na uhai wake uko kwenye sili za ncha za rota hizo, yaani vipande vinavyoziba hewa isivuje. Zikilika, kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya injini, inashuka, na dawa ni kufungua injini nzima.

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Iwashe ikiwa baridi, iendeshe hadi ipate moto sawasawa, izime, subiri dakika kumi, uiwashe tena. Ikihangaika kushika, mimi ningeondoka. Starta iliyochoka huleta dalili hiyo hiyo, lakini hilo alithibitishe yeye kwa pesa zake. Kisha dai kipimo cha kompresheni kwa kifaa cha rotari, kinachosoma pande zote tatu za kila rota. Kifaa cha kawaida hutoa namba moja na kuficha upande uliokufa. Nairobi tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, hivyo namba zitakuwa chini kuliko za Mombasa. Fundi azingatie hilo.

Muulize huongeza oili mara ngapi. Injini hii huchoma oili kwa makusudi ili kulainisha sili. Akikujibu haijawahi kuongezwa, iache hapo hapo.